Leso Yetu, Kiwanda cha Ng'ambo: Ubora Walindwa na Nani?

Siku hizi yasemwa sana, tena kama kwamba ni jambo geni, kuwa mtu aweza kukaa dukani mwake Mombasa, akachora nguo, akaipeleka ikafumwa na kuchapwa China au India, kisha akaipokea bandarini ikiwa tayari kuuzwa. Sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Leso, vazi ambalo hapana nyumba ya Mswahili isiyokuwa nalo, imekuwa ikitengenezwa kwa njia hiyo tangu zama za babu zetu. Mchoro wetu, jina letu, rangi tuzipendazo sisi. Kitambaa na mashine za watu wengine. Kwa hiyo suali la vipi mtu atalinda ubora wa nguo inayotengenezwa mbali na macho yake si suali la matajiri wa Ulaya na Marekani peke yao. Ni suali letu pia, na pwani hii imekuwa ikilijibu kwa muda unaokaribia karne mbili, mara kwa ushindi, mara kwa hasara.

Tuanze na merikani, maana jina lenyewe ni ushahidi. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, akafika Unguja. Merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinaleta kitambaa cheupe kisichopakwa rangi, kigumu, kilichofumwa kwa pamba safi. Wenyeji wakakipenda kwa sababu kikifuliwa hakibadiliki. Kiwanda cha Naumkeag kilichoanza kazi mjini Salem mwaka 1847 kilifuma nguo za soko hili letu.

Waingereza walipoona biashara hii, nao wakaleta yao. Lakini viwanda vya Lancashire katika karne hiyo vilikuwa na desturi moja mbaya, nayo ni kukishindilia kitambaa dondo, yaani wanga uliochanganywa na udongo mweupe. Nguo ikiwa dukani ni nzito na inang'ara; ikiingia majini mara moja, udongo wote umekwenda na maji na mkononi umebakiwa na chandarua. Wanunuzi wa pwani na wa bara hawakuwa wajinga. Waliishika, wakaifikicha, wakaiacha. Hata baadhi ya wafanyabiashara wakaona heri waigize merikani na kuliiga jina lake, lakini watu wakazidi kutofautisha ya kweli na ya bandia. Mambo yalibadilika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na pamba ikaadimika. Hapo viwanda vya Bombay vikapata nafasi, navyo havikuingia kwa jeuri. Vilijifunza kufuma kama mnunuzi alivyotaka, na kabla ya karne ile kwisha vilikuwa vimelishika soko.

Naliweka jambo hili mbele kwa makusudi. Wapo wanaoandika historia ya biashara kana kwamba Mwafrika alikuwa akipokea tu lolote analotupiwa. Si kweli. Mwanamke wa Kiamu au mchukuzi wa msafara aliyekataa kitambaa chepesi alikuwa akikiamuru kiwanda kilichoko maelfu ya maili, ingawa hakujua kusoma herufi hata moja ya Kizungu.

Leso ikaja baadaye kidogo, katika karne hiyo hiyo ya 19. Jina lake ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi, na husimuliwa kuwa wanawake walikuwa wakinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa mmoja mmoja, wakaviunga vitatu kwa vitatu vikawa shuka moja. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza shuka nzima nzima zilizochapwa hivyo. Ikapatikana leso tuijuayo: pindo kuzunguka kando zote nne, mji katikati, na hatimaye jina. Majina yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kizungu.

Hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ndilo linalosifiwa kwa kueneza leso zenye majina, na alama yake ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla" inajulikana kuliko majina ya mawaziri wengi. Leso zilichorwa pwani, lakini kwa miaka mingi zilichapwa India, Uingereza, Uholanzi na Japani. Huko Helmond, Uholanzi, kampuni ya Vlisco iliyoanza mwaka 1846 ilichapa nguo za Afrika Mashariki pamoja na zile za Afrika Magharibi zilizoitia umaarufu. Baadaye ndipo viwanda vya nyumbani vikashika kazi: Urafiki wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na hapa kwetu viwanda vya Kisumu, Thika na Eldoret. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba na vitambaa rahisi vikamiminika, viwanda vingi vya Kenya vikafifia, na mashine za ng'ambo zikarudi kutuvisha.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, uzito wa kazi ile ya zamani. Mchoro unatiwa katika bahasha, unapanda meli, unafika kwa fundi asiyejua Kiswahili, ambaye hajapata kumuona mtu aliyejifunga leso. Fundi yule achonge mchoro ule juu ya rola la shaba, rangi moja rola moja, na rola zote zikanyage mahali pamoja bila ya kupishana hata kwa upana wa punje ya mchele. Rola moja ikisogea, maua yanatoka nje ya mistari yake na pindo laonekana kama limelewa. Siku hizi rola za shaba zimeipisha wavu, lakini sharti ni lile lile, kila rangi na wavu wake.

Na jina je? Mchapaji wa mbali huyatazama maneno kama tuyatazamavyo sisi maandishi ya Kichina, ni michoro tu. Tuchukue mfano mtu ameagiza leso yenye maneno "Mama ni nyota ya nyumba". Herufi moja ikiteleza, T ikawa K, mzigo mzima wafika Kilindini ukisema mama ni nyoka. Hapana mashine itakayoligundua kosa hilo, wala mkaguzi mwenye shahada ya ufumaji. Kitambaa ni kizuri, rangi imeshika, mshono umenyooka, na nguo haiuziki hata kwa bei ya kupangusia sakafu. Ndiyo maana natoa rai kuwa mtu wa kwanza anayepaswa kuidhinisha leso ni mjuzi wa Kiswahili, na aione iliyokwisha kuchapwa juu ya kitambaa, asiridhike na karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hila, kwani kuharibika kwa ubora aghalabu hakuji kwa ajali. Wafanyabiashara wa Biashara Street waijua vyema tabia hii: oda ya kwanza ni nzuri mno, ya pili si mbaya, ya tatu imekonda. Kiwanda kimekwisha kukupata. Bei mliyokubaliana ilikuwa ya chini, pamba imepanda, na mwenye kiwanda hataki kukwambia hivyo waziwazi, hupunguza nyuzi. Pale palipokuwa na nyuzi sitini za mtande katika inchi moja hutia hamsini na tano, halafu akaziba pengo kwa dondo, hila ile ile ya Lancashire. Au huchanganya pamba na nailoni na jamaa zake. Au hupata oda kubwa kutoka Ulaya, akaichukua yako akampa jirani mwenye karakana ndogo, usiyemjua wala hukumkagua.

Hesabu zake si ndogo. Leso moja ni kama mita moja na nusu kwa mita 1.1, yaani eneo la mita mraba 1.65. Tuseme umeagiza kitambaa cha gramu 120 kwa kila mita mraba, ukaletewa cha gramu 105. Kwa jicho hutambui. Lakini kila leso imepungukiwa na karibu gramu 25, na katika mzigo wa leso 10,000 umeibiwa takriban kilo 247 za pamba. Hakuna aliyevunja mlango, na ankra imeandikwa vizuri.

Dawa ya wizi huo ni mizani. Wakaguzi hutumia kisu cha duara kinachokata kipande cha sentimita mraba 100 kamili. Ukikipima na kuzidisha kwa 100, umepata uzito wa mita nzima. Dawa ya nailoni ni kiberiti. Chomoa uzi, uwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni huyeyuka ikawa shanga ngumu. Akina mama walijua haya kabla ya maabara. Nimemsikia mama mmoja akimwambia kijana wa duka, "Mwanangu, mimi sitaki kuambiwa, nipe uzi mmoja tu." Wala tusidhani ni ukaidi wa kizee. Leso hujifunga mtu jikoni mbele ya moto, na kitambaa kinachoyeyuka hugandana na ngozi. Leso hupokewa mtoto mchanga, nacho kitambaa kisichonywa maji hakimfai. Anayeandika "pamba tupu" juu ya kitu kisichokuwa pamba tupu hadanganyi mfuko pekee.

Kuhusu rangi, adui mpya ni simu. Mfanyabiashara huletewa picha, akaona wekundu unaowaka, akajibu "sawa". Lakini kioo cha simu hutoa mwanga, na nguo haitoi mwanga. Hata vioo viwili vya simu havikubaliani. Tena kuna rangi zinazofanana chini ya taa ya duka na kutengana zikitolewa juani. Kwa sababu hiyo viwanda vizuri vina sanduku la mataa ambamo kipande hutazamwa kwa mwanga ulio kama wa mchana, na mwenye mali husubiri kipande chenyewe kiletwe. Akikipokea, akifue, akianike juani, akisugue kwa kitambaa cheupe kikavu kisha kilicholowa. Akiridhika, kipande kile hukatwa viwili, kikatiwa sahihi na muhuri, nusu ikabaki kiwandani na nusu Mombasa. Siku ya ugomvi hapana tena maneno ya "nilisema" na "hukusema". Vipande viwili huwekwa mezani vikashuhudia. Ajabu ni kuwa wengi huiona gharama ya kipande hiki kuwa ni upotevu, ilhali hulipa kontena zima kwa kuamini picha.

Kisha kuna kukagua mzigo kabla haujapakiwa. Mtu hawezi kukunjua kila nguo. Utaratibu unaotumiwa duniani kote ulitokana na kanuni za jeshi la Marekani za kupokea vifaa, zilizotolewa mwaka 1950 na kuendelezwa baadaye. Katika mzigo wa nguo zisizozidi 1,200 na zisizopungua 501, kwa kiwango kinachotumiwa sana, mkaguzi huchagua 80. Akikuta zenye kasoro kubwa ni tano au chini, mzigo hupita. Zikiwa sita, hurudi. Kwa kasoro ya hatari, kama ncha ya sindano iliyovunjikia ndani ya nguo, hata moja haikubaliwi, na katika viwanda vyenye nidhamu fundi hapewi sindano mpya mpaka vipande vyote vya ile iliyovunjika vikusanywe. Jambo la kuangaliwa ni nani anazichagua hizo 80. Azichague mkaguzi mwenyewe, kutoka maboksi ya juu, ya kati na ya chini. Zikichaguliwa na mwenye kiwanda, basi si ukaguzi, ni karamu.

Na hapa mwanafunzi wa chuo hawezi kujizuia kukumbuka lililopokewa katika Sahih ya Muslim: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona rundo la chakula, hakutosheka na sura ya juu, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua, akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, na akapewa onyo kali juu ya ghushi. Mkaguzi anayeingiza mkono boksi la chini hafanyi bidaa.

Fikihi yetu, kwa hakika, ina mengi ya kumfaa mwenye kuagiza nguo mbali kuliko vijitabu vingi vya biashara. Kununua kitu ambacho hakijakuwapo ni mlango wa hatari, na hairuhusiwi ovyo. Mahanafi wameukubali mkataba wa istisnaa, wa kumuagizia fundi kitu akutengenezee. Sisi Mashafii twaupitisha kwa masharti ya salam: thamani itolewe kwenye kikao, na bidhaa ielezwe jinsi yake, sifa zake, kipimo chake na wakati wa kutolewa, maelezo yanayokata ubishi. Bidhaa ikija kinyume cha sifa, mnunuzi halazimiki kuipokea. Na aliyegundua aibu katika kitu alichonunua ana haki ya kukirudisha, lakini kwa madhehebu yetu afanye hima. Akinyamaza na kuendelea kukitumia, haki yake imekwenda. Wanasheria wa leo huandika hayo hayo katika mikataba yao, wakaweka siku kadhaa za kulalamika baada ya mzigo kufika. Mfanyabiashara anayeandika katika oda yake "leso nzuri, rangi nzuri" hajaeleza sifa yoyote. Nzuri kwa nani? Aandike uzito, idadi ya nyuzi, upana wa pindo, na kiasi gani kitambaa kiruhusiwe kuruka kikifuliwa.

Serikali nayo ina mkono wake. Tangu mwaka 2005 Shirika la Viwango la Kenya limekuwa na utaratibu wa bidhaa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa. Ni jambo jema, lakini cheti cha viwango husema kitu kimefikia kiasi cha chini kinachokubaliwa na sheria. Hakisemi kuwa ndicho ulichoagiza.

Liko jambo jingine ambalo ukaguzi wa nguo peke yake haulioni. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, jumba la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza liliporomoka likiwa limejaa mafundi wa nguo. Watu 1,134 walikufa, wengi wao wanawake. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na mafundi waliogopa kuingia. Wakaambiwa waingie, kwani oda zilikuwa na tarehe zake. Nguo zilizoshonwa humo zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Amerika, na baadhi ya viwanda vya jumba hilo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa hapo kabla. Mshono ulitazamwa, ukuta haukutazamwa. Baada ya msiba huo makampuni mengi yalitia sahihi mapatano ya usalama wa moto na majengo pamoja na vyama vya wafanyakazi, na mamia ya viwanda yakakaguliwa na wahandisi. Wale ni ndugu zetu, tunaoelekea nao kibla kimoja. Anayeminya bei mpaka kiwanda kikashindwa kuishi, kisha akadai haraka, ajue kuwa upungufu huo utatokea mahali fulani: ama katika nyuzi, ama katika nguzo.

Na sisi wenyewe tuko pande zote mbili za mizani hii. Tangu sheria ya maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya nchi za nje ya mwaka 1990, na hasa tangu sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000, mabinti zetu wa Mombasa na wa Athi River wameshona suruali za jinzi kwa maduka ya Marekani. Wao huufahamu mkaguzi kwa upande wa pili. Wamezoea kuona boksi zima likirudishwa kwa sababu ya mfuko uliopinda kidogo. Basi kwa nini fundi wa Changamwe abanwe kwa nusu sentimita ya nguo iendayo New York, na dada yake akinunua leso mjini aambiwe "ndivyo zinavyokuja siku hizi"? Ujuzi wa kukagua tunao, uko mikononi mwa hao mabinti. Wenye maduka wangefanya vyema kuwaajiri wawili watatu pale mzigo unapofunguliwa.

La mwisho ni la kalenda, ambalo wengi hawaliangalii. Leso mbovu nyingi ni leso za haraka, na haraka yetu ni ya Idi na harusi. China hufunga viwanda vyake mwaka wao mpya unapoingia, na mafundi hurudi makwao kwa majuma kadhaa. Mwaka 2026 siku hiyo ni tarehe 17 Februari, mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari, na mwaka 2028 ni tarehe 26 Januari. Nayo Ramadhani, katika miaka yote hiyo mitatu, huandama katika siku mbili tatu za hapo hapo. Maana yake, mzigo wa Idi usiokuwa tayari kabla ya kufungwa hauwezi kusubiri kufunguliwa. Utachapwa usiku katika majuma ya mwisho, rangi haijakauka sawasawa, na mkaguzi ataambiwa meli yaondoka kesho. Ukihesabu majuma ya baharini, ya kuchapa, ya kufuma, na ya kipande cha sampuli kwenda na kurudi mara mbili, leso ya kuvaliwa Idi yataka itiwe muhuri Mfungo Sita, watu wakiwa kwenye maulidi.